Mke wa Mlowezi: Maisha ya Caroline Ingalls katika Mbuga za Marekani

Mwaka 1870 karani wa sensa ya Serikali ya Marekani alipita katika wilaya ya Montgomery, kusini ya jimbo la Kansas, akaandika majina ya watu waliokuwa wamejenga nyumba zao za magogo katika mbuga zile. Miongoni mwao alikuwamo Charles Ingalls, pamoja na mkewe Caroline na binti zao wadogo. Karani hakuandika thamani yo yote ya ardhi, akaeleza ya kwamba nchi ile ilikuwa mali ya Waosage, na walowezi hawakuwa na hati. Kwa upande wa kazi, maagizo ya sensa ya mwaka ule yalitaka mwanamke aliyefanya kazi za nyumbani mwake bila ya ujira aandikwe kwa maneno machache yenye maana ya kwamba "atunza nyumba". Ardhi isiyo na hati, na kazi isiyo na jina: katika mambo hayo mawili maisha ya Caroline Ingalls yalianza kuingia katika kumbukumbu za mbuga, na ni vigumu kulielewa moja bila ya kuliangalia la pili.

Bibi huyu hakuwa mashuhuri katika uhai wake. Kujulikana kwake kumetokana na vitabu vya binti yake wa pili, Laura Ingalls Wilder, vilivyopigwa chapa kati ya mwaka 1932 na 1943, ambamo yeye huitwa kwa jina la Mama tu. Vitabu hivyo vilitungwa kwa ajili ya watoto, na Rose Wilder Lane, binti yake Laura, naye mwandishi, alivihariri kwa mkono usio mwepesi. Kwa hiyo si tarikhi, japokuwa wasomaji wengi wamevisoma kama tarikhi. Kabla yake, mwaka 1930, Laura alikuwa ameandika habari za maisha yake kwa watu wazima, katika mswada ulioitwa Pioneer Girl. Wachapishaji waliukataa, nao haukutolewa kama kitabu hata mwaka 2014. Mswada huo ukilinganishwa na hadithi, na zote mbili zikilinganishwa na karatasi za sensa na za ardhi, ndipo mtu aweza kuona ni mambo gani katika maisha ya mama yaliyobakizwa, na ni yapi yaliyofutwa.

Kwanza yafaa kuangalia maneno. Nchi inayosemwa hapa ni tambarare ya nyasi isiyo na miti ila kandokando ya vijito; udongo wake ni mzito na mweusi, na nyasi zake zina mizizi iliyofumana hata jembe la kawaida halipiti. Kiswahili kina neno mbuga, nalo lafaa sana, ijapokuwa siku hizi watu wengi wakilisikia hufikiri hifadhi za wanyama. Neno nyika halifai. Nyika ni pori kavu, na tena ndani yake mna dharau ya mwenye mji kwa asiye na mji. Wapwani waliwaita majirani zao wa bara Wanyika, na jina hilo lilikaa vitabuni hata katika miaka ya 1940 wenyewe walipojichagulia jina la Mijikenda. Ama neno mlowezi, asili yake ni kulowea, yaani kukaa katika nchi isiyokuwa yako mpaka fikira za kurudi kwenu zimekwisha. Katika Afrika ya Mashariki neno hilo limepata uchungu wake kwa sababu zinazojulikana. Latumika hapa bila ya kuondolewa uchungu huo.

Caroline Lake Quiner alizaliwa Wisconsin tarehe 12 Desemba 1839. Baba yake alizama katika Ziwa Michigan mwaka 1845, pamoja na chombo alichosafiria, na mjane wake akabaki na watoto wadogo katika umaskini mkubwa, mpaka alipoolewa tena mwaka 1849. Caroline alisoma kwa bidii, na alipokuwa na umri wa miaka 16 alikuwa tayari mwalimu wa shule, mwenye mshahara wake mwenyewe. Tarehe 1 Februari 1860 aliolewa na Charles Ingalls, mtu hodari wa useremala na wa fidla, na asiyeweza kutulia mahali pamoja. Ualimu wake ukakoma. Walakini tabia ya mwalimu haikumtoka: katika vitabu vya binti yake yeye ndiye anayesahihisha maneno ya watoto, na yeye ndiye anayeuliza, kila gari linapofungwa farasi, kama huko waendako kuna shule.

Waliingia Kansas mwaka 1869. Waosage walikuwa wamebakiwa na sehemu tu ya nchi yao ya zamani, na walowezi walikuwa wakiimiminikia sehemu hiyo kabla haijauzwa wala kuachwa. Kwa sheria ya Marekani yenyewe walikuwa wavamizi. Mwezi Julai mwaka 1870 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwahamisha Waosage kwenda kusini, katika nchi ambayo leo ni Oklahoma, na ardhi yao iuzwe kwa walowezi kwa dola 1.25 kwa eka. Katika siku hizo hizo, tarehe 3 Agosti, Caroline alimzaa binti yake wa tatu, Carrie, katika nyumba ya magogo iliyojengwa juu ya ardhi hiyo. Ajabu ni kwamba katika hadithi ya Kansas uzazi huu haupo kabisa. Kwa kuwa kitabu cha kwanza kilikuwa kimekwisha kumweka Carrie katika misitu ya Wisconsin, ilibidi katika kitabu cha Kansas mtoto huyo awe garini tangu mwanzo wa safari. Mpango wa vitabu umeufuta uchungu wa mama, wala hapana shaka kwamba wasomaji walio wengi hawakuona pengo.

Jambo jingine la Kansas litawagusa wasomaji wa Afrika ya Mashariki bila ya kufasiriwa. Jamaa yote iliugua homa ya malaria kwa pamoja, hata hakukuwa na mzima wa kumpa mgonjwa maji. Hakuna aliyejua asili ya ugonjwa huo; kazi ya mbu haikuthibitishwa ila katika miaka ya 1897 na 1898. Aliyewatibu ni Daktari George Tann, Mmarekani Mweusi, jirani yao, aliyekuwa akiwatibu na Waosage. Basi mke wa mlowezi aliponywa na mtu ambaye, miaka kumi kabla, sheria za majimbo mengi ya nchi yake zingemhesabu kuwa bidhaa.

Na ni katika kitabu hiki cha Kansas, kilichotolewa mwaka 1935, ambamo neno moja limezusha mjadala mrefu kuliko kurasa nyingine zote. Mwanzoni mwa kitabu mwandishi alieleza nchi ya magharibi kuwa haina watu, ila Wahindi Wekundu tu wanaoishi humo. Mwaka 1952 msomaji mmoja aliwaandikia wachapishaji kulalamika; mwandishi akakiri kosa, na katika chapa ya mwaka 1953 neno lenye maana ya "watu" likabadilishwa kuwa neno lenye maana ya "walowezi". Kwa mwenye Kiswahili badiliko hilo lina uzito wa peke yake. Katika lugha yetu utu si sifa inayoongezwa baadaye. Ni kiambishi kilichoshikamana na jina. Mosage ni m-, Waosage ni wa-, kabla sentensi haijafika kwenye kitendo. Huwezi kuwataja kwa Kiswahili sanifu kisha ukasema ya kwamba hapana watu, isipokuwa sarufi yenyewe ikukanushe. Hii haina maana kwamba wasemaji wa Kiswahili hawakuwahi kuwadharau wenzao; habari ya neno Wanyika imekwisha kutajwa. Maana yake ni kwamba lugha humlazimisha mwenye dharau kupita njia nyingine.

Katika hadithi, Mama ndiye anayewaogopa na kuwachukia wenyeji kuliko wote, na Baba huwasemea mema. Wahakiki wengine wamemlaumu Caroline kwa hayo kana kwamba ni maneno yake yaliyoandikwa na karani. Laura alikuwa na umri wa miaka miwili walipofika Kansas na minne walipoondoka. Hayo ni kumbukumbu za nyumbani zilizopikwa upya baada ya miaka 60. Walakini isidhaniwe kwamba hofu ile ilibuniwa yote. Mwanamke aliyebaki peke yake na watoto, mumewe akiwa mawindoni, ndiye aliyekutana mlangoni na wenye nchi wakitaka chakula, na chakula hicho kilitoka katika jungu lake. Mume aliweza kuwasifu jioni. Na kama wenye nchi waliona ni haki yao kupewa sehemu ya mavuno ya ardhi yao, ni vigumu kusema kwamba walikosea.

Mwaka 1871 waliondoka, si kwa kufukuzwa na askari kama hadithi inavyodokeza, bali kwa sababu mtu aliyenunua shamba lao la Wisconsin alishindwa kulilipa, nalo likarudi mikononi mwao. Mwaka 1874 wakatoka tena, safari hii kwenda Minnesota, karibu na Walnut Grove, nchi ambayo Wadakota walifukuzwa baada ya vita vya mwaka 1862. Makao yao ya kwanza yalikuwa pango lililochimbwa katika ukingo wa kijito, paa lake likiwa matabaka ya udongo wenye nyasi. Aliyeziona tembe za Ugogo hatashangazwa na paa la udongo. Tofauti ni kwamba tembe hujengwa na watu wanaoujua udongo wao tangu mababu, na lile pango lilinunuliwa kwa mtu aliyetangulia, kama koti kuukuu.

Huko walikutana na nzige. Nzige wa Milima ya Rocky walishambulia Minnesota kila mwaka kuanzia 1873 mpaka 1877, wakala ngano, wakala bustani, wakataga mayai katika ardhi iliyolimwa, na mwaka uliofuata watoto wao wakatoka wakitembea. Charles alikuwa amejenga nyumba ya mbao kwa mkopo, akitumaini kulipa kwa ngano ambayo haikuvunwa. Alikwenda mashariki kwa miguu kutafuta kibarua cha mavuno, na Caroline akabaki na watoto, ng'ombe, na deni. Mwishoni mwa mwaka 1875 ilimbidi Charles atie sahihi karatasi ya kukiri kwamba hana kitu, ili apewe unga wa msaada wa serikali ya jimbo. Habari hiyo haimo katika hadithi, ambazo hupenda kuonyesha jamaa isiyotegemea mtu. Nzige wale wenyewe wamekwisha toweka duniani. Wa mwisho kukamatwa hai walikamatwa Kanada mwaka 1902, na wataalamu hudhani kwamba kulimwa kwa mabonde ya mito walikotagia ndiko kulikowamaliza.

Halikadhalika haimo hadithini habari ya Freddie. Caroline alimzaa mtoto huyo wa kiume tarehe 1 Novemba 1875, katikati ya mwaka wa nzige, akafiwa naye tarehe 27 Agosti 1876 walipokuwa njiani kwenda Burr Oak katika jimbo la Iowa. Huko walifanya kazi katika hoteli ya wenyewe, yeye akisaidia kupika na kuhudumu, na mwezi Mei mwaka 1877 akamzaa Grace. Katika Pioneer Girl Laura aeleza kwamba waliondoka Burr Oak usiku, kwa kuwa hawakuweza kulipa kodi ya nyumba. Basi miaka hiyo yote, yaani kifo cha mwana, utumishi wa hoteli, na kutoroka deni, imerukwa. Kitabu kimoja chaishia kabla yake na kinachofuata chaanza baada yake. Ukitaka kujua gharama ya maisha ya mbuga kwa mwanamke, tazama hapo palipoachwa patupu.

Mwanzoni mwa mwaka 1879 Mary, binti mkubwa, aliugua sana akapofuka. Hadithi zasema ni homa ya vipele vyekundu. Uchunguzi wa madaktari uliotolewa mwaka 2013 umeona kwamba yaelekea zaidi ulikuwa uvimbe wa ubongo na utando wake. Mwaka huo huo Charles alipata kazi katika kampuni ya reli iliyokuwa ikielekea magharibi, akataka kuhama tena. Kwa habari ya Laura, mama yake alikubali kwa sharti moja: hapo ndipo pawe mwisho, na watoto wasome. Sharti hilo halikuandikwa popote, lakini lilitimizwa. Charles Ingalls alitamani kwenda mbele mpaka kufa kwake, asiende.

Hapa sheria ya ardhi inastahili kuelezwa. Sheria iliyotiwa sahihi na Rais Lincoln tarehe 20 Mei 1862 ilimpa mtu haki ya kuchukua eka 160 za ardhi ya serikali kwa ada ndogo, akiwa na umri wa miaka 21 au ni mkuu wa jamaa, akae juu yake na kuilima miaka mitano, kisha alete mashahidi. Mwanamke asiyeolewa aliweza kuchukua shamba, na mjane pia, na maelfu yao walifanya hivyo. Aliyeolewa hakuweza, kwa kuwa mkuu wa jamaa ni mumewe. Yaani Caroline aliyekuwa mwalimu, angalikaa bila ya kuolewa, angaliweza kuandikiwa shamba. Kwa kuolewa na mkulima alipoteza haki ya kuwa mkulima katika daftari. Shamba lao karibu na De Smet, katika nchi ya Dakota, liliandikishwa kwa jina la Charles mwezi Februari mwaka 1880. Sharti la sheria lilikuwa kulowea, na siku nyingi Charles alikuwa mjini akifanya useremala. Aliyekuwa akilowea shambani, kwa maana halisi ya neno, ni mkewe.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Kabla ya mji kuwapo, jamaa hii ilikaa majira ya baridi katika nyumba ya wapimaji wa reli, na ulipofika wakati wa watu kumiminika kutafuta mashamba, Caroline aliwapikia na kuwalaza wageni kwa malipo, wakijaa sakafuni usiku. Alioka mkate kwa chachu ya unga uliochacha, alipokosa maziwa na hamira. Alishona nguo zote. Alifuga kuku, akakamua, akasukasuka siagi, akalima bustani ambayo mazao yake yalitangulia ngano kwa mwaka mzima na pengine zaidi, kwa sababu ardhi mpya iliyopinduliwa haikutoa nafaka mara moja. Mtu akihesabu kwa makini ataona kwamba miaka ya kwanza jamaa ya mbuga haikula shamba. Ilikula ujira wa mume na kazi za mke, na shamba lililishwa pamoja nao.

Kisha ukaja msimu wa baridi wa mwaka 1880 hadi 1881. Tufani ya kwanza ya theluji ilipiga mwezi Oktoba. Januari magari ya moshi yakasimama, kwa kuwa njia ya reli ilifukiwa kila ilipofukuliwa, na hayakufika tena De Smet mpaka mwezi Mei. Makaa yalikwisha, watu wakasokota nyasi kavu kuwa vijiti vya kuwashia jiko, kazi ya mchana kutwa, maana nyasi huungua upesi. Unga ulikwisha, wakasaga ngano katika kinu kidogo cha kahawa, kwa zamu, mkate wa siku moja ukigharimu saa nyingi za kuzungusha mkono. Mafuta ya taa yalikwisha, na Laura asimulia kwamba mama yake alitengeneza taa kwa kifungo cha nguo, kipande cha kitambaa, na mafuta ya magurudumu ya gari. Katika hadithi ya msimu ule jamaa iko peke yake ndani ya nyumba. Pioneer Girl yasema vingine: mume na mke wengine walikaa nao wakati wote, na yule mke akajifungua humo humo. Basi Caroline, licha ya kulisha watu wake sita kwa ngano ya kinu cha kahawa, alilisha wageni na kumtunza mzazi. Laura aliwaondoa wageni hao ili hadithi iwe na umoja. Kwa kuwaondoa, alipunguza kazi ya mama yake.

Mwezi Novemba mwaka 1881 Mary alipelekwa katika chuo cha vipofu huko Vinton, Iowa, akamaliza mwaka 1889. Serikali ya Dakota ililipa ada. Nguo na nauli zilitoka nyumbani, na kwa ajili hiyo akiba ya wageni, ushonaji wa Laura mjini, na baadaye mshahara wake wa ualimu vilikusanywa. Mwaka 1886 Charles alithibitisha shamba na kupata hati. Mwaka uliofuata walihamia mjini, na baadaye shamba likauzwa. Eka 160 zilizotafutwa kwa miaka 17 hazikuwa kitu walichotaka kukaa nacho. Kilichobaki ni mji wenye shule, na kanisa ambalo wao walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake mwaka 1880.

Charles alikufa tarehe 8 Juni 1902. Caroline akaishi miaka 22 zaidi katika nyumba ya De Smet pamoja na Mary, aliyekuwa akifuma nyavu za kukinga farasi na mainzi, akiziuza. Alikufa tarehe 20 Aprili 1924. Laura, aliyehamia Missouri mwaka 1894, alimwona mama yake mara ya mwisho katika msiba wa mwaka 1902, wala hakuweza kwenda kuzika. Picha ya Mama inayojulikana ulimwenguni ilichorwa, basi, na mtoto aliyekaa miaka zaidi ya ishirini bila ya kumwona, na kwa sehemu kubwa ilichorwa kabla ya ndoa ya mtoto mwenyewe, akiwa bado katika nyumba ya mamaye.

Mwezi Juni mwaka 1925, mwaka mmoja na zaidi baada ya kifo hicho, Laura alimwandikia mama yake mkubwa, Martha Carpenter, dada yake Caroline, aliyekuwa mzee sana wakati huo. Alimwomba amweleze jinsi yeye na nduguze walivyoishi utotoni huko Wisconsin, na jinsi vyakula vya zamani vilivyopikwa. Bibi Martha alijibu.